Andrea Mwenye Ndevu

Mpwa wangu alijifungua mtoto wa kike mwezi wa nne, na kabla kitovu hakijadondoka, kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limeshagawanyika. Mama mtoto alitangaza kwamba binti ataitwa Andrea. Wazee wakaja juu: hilo ni jina la mwanamume, tena ni la mjomba wangu aliye hai, mzee wa miaka sabini na ushee. Vijana wakajibu kwamba wazee hawajui dunia inakwenda wapi: Andrea ni jina la kike la Kiitaliano, kwani mwisho wake hamuuoni? Mjomba Andrea mwenyewe hakuandika neno. Alituma kikatuni cha mtu aliyejishika kichwa, akanyamaza siku nne.

Mimi ndiye ninayejulikana kwetu kuwa nilisoma Italia, kwa hiyo simu zikanimiminikia. Kila upande ulitaka niuthibitishie. Sikuweza, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinajenga juu ya mchanga. Hapa nayajibu madai yao kama yalivyoandikwa kundini, nikiwa nimerekebisha tahajia tu.

"Linaishia na a, kwa hiyo ni la kike."

Hili ndilo lililopigiwa kelele zaidi, na ndilo bovu kuliko yote. Ni kweli Kiitaliano kina mazoea hayo. Mario ni mwanamume, Maria ni mwanamke. Paolo na Paola. Carlo na Carla. Anayejifunza lugha ile huona katika wiki mbili za kwanza kwamba ameshika ufunguo wa nyumba nzima. Wiki ya tatu anakutana na Luca, Nicola, Mattia, Elia, Tobia, Enea na Battista, wanaume watupu, na ufunguo unakatikia kwenye kitasa.

Sababu iko Ugiriki. Majina mengi ya wanaume wa Kigiriki yalimalizikia kwa -as: Andreas, Loukas, Elias. Kilatini kiliyapokea na s yake. Kiitaliano kilipozaliwa kutoka Kilatini kiliziacha konsonanti za mwisho, kwa kuwa ni lugha inayopenda neno lifungwe kwa irabu, na s ikaanguka. Kwa hiyo a ya Andrea si ndugu ya a ya Maria. Ile ya Maria imepandwa pale kwa kusudi, hii ya Andrea ni kisiki kilichobaki baada ya s kukatwa. Maneno ya kawaida nayo yamo: poeta ni mshairi, profeta ni nabii, papa ni Baba Mtakatifu, na yote matatu sarufi inayahesabu kuwa ya kiume. Karne zote hizi hakuna aliyemwita Papa mama kwa sababu ya irabu yake.

Tena Mwitaliano hana haja ya kuchungulia mkia wa jina. Sentensi yenyewe inamwambia. "Andrea è arrivato," anajua aliyefika ni mwanamume. "Andrea è arrivata," ni mwanamke. Irabu moja kwenye kitenzi imemaliza ubishi. Sisi tunasema "Andrea amefika," na mlangoni anaweza kusimama yeyote. Ndiyo maana tunalazimika kulikamua jina lenyewe litoe jawabu ambalo halina.

Anayetaka ushahidi wa macho aende Milano, kwenye jumba la picha la Brera, amtazame Andrea Doria. Huyu alikuwa admirali wa Genova, aliyezaliwa 1466 akafa 1560, na mchoraji Bronzino alimchora akiwa amejifanya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi. Mzee amesimama kifua wazi, nguo imeteleza hadi chini ya kinena karibu kumwaibisha, ndevu zimemshuka hadi kifuani, mkononi ana mkuki wa ncha tatu. Wataalamu walikuja kugundua kwamba mwanzoni alikuwa ameshika kasia, ule mkuki ukachorwa juu yake baadaye. Vyovyote iwavyo, hakuna atakayemwita bibie. Waitaliano walilipa jina lake jahazi lao kubwa la abiria, lile lililogongana na meli ya Stockholm usiku wa tarehe 25 Julai 1956 karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, likazama asubuhi yake. Watu 46 waliokuwa ndani yake walikufa. Nimewahi kumsikia mtu mzima akieleza kwa uhakika kabisa kwamba Andrea Doria alikuwa binti wa mwenye meli. Aoneshwe zile ndevu.

"Basi angalau ni la Kiitaliano."

Ni la Kiitaliano kama mpunga ulivyo wa Mbeya: unalimwa huko, unasifika huko, lakini mbegu ilitoka mbali. Asili ni Kigiriki, kwenye neno aner, mwanamume, ambalo likianza kunyambuliwa huwa andr-. Humo ndimo ilimotoka pia andreia, yaani ujasiri, kwa kuwa Wagiriki wa kale waliuona ujasiri kuwa tabia ya mwanamume, kama lugha yetu inavyomhimiza mtu ajikaze kiume.

Aliyelieneza duniani hakuwa Mgiriki wala Mwitaliano, alikuwa mvuvi wa Galilaya. Andrea na Simoni Petro walikuwa ndugu, watu wa Bethsaida, na hapo kuna jambo watu hulipita bila kulitazama. Simoni ana jina la Kiyahudi, nduguye ana la Kigiriki. Filipo, wa mji huohuo, naye ana la Kigiriki. Galilaya ya wakati ule ilikuwa na Kigiriki sokoni na kwenye mabaraza, na wazazi waliwapa watoto majina kutoka pande zote mbili, kama nyumba ya Tanga au Mombasa inayomlea Juma na John chini ya bati moja. Kwa hiyo wale waliotuma ujumbe kwamba Andrea ni Kiebrania, "maana limo kwenye Biblia," nao wakae chini.

"Huku kwetu lililetwa na mapadri Waitaliano."

Dai hili lina sura ya kweli. Ukiziweka orodha mbili pamoja unashangaa: Pietro, Paolo, Marco, Filippo, Stefano, Andrea, halafu Petro, Paulo, Marko, Filipo, Stefano, Andrea. Mawili ya mwisho hayatofautiani hata herufi. Mtu atasema tumenakili.

Hatukunakili. Watu walioweka misingi ya Kiswahili cha Biblia walikuwa akina Krapf, Mjerumani, na Steere, Mwingereza, ambao nyumbani kwao mtume huyo anaitwa Andreas na Andrew. Walipolileta jina Uswahilini walikuta lugha isiyotaka neno liishie kwa konsonanti, wakafanya walichofanya Waitaliano karne nyingi kabla yao: s ikatupwa. Lugha mbili zisizojuana zimenyoa kichwa kimoja kwa wembe wa aina moja. Huo ndio undugu wetu na Waitaliano katika jina hili, ni undugu wa masikio.

Na tarehe nazo zinakataa. Wamisionari wa Consolata, Waitaliano wa Torino ambao wengi wetu huwakumbuka kwa Nyeri na Iringa, walifika Kenya mwaka 1902. Lakini tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Kabaka Mwanga alikuwa ameshamuua Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma wake, Mnyoro aliyetekwa utotoni akakulia Buganda. Waganda humwita Anderea, kwa sababu nao hawapendi konsonanti mbili zibanane pasipo irabu ya kuzipumzisha. Aliingizwa kwenye Ukristo wakati wa White Fathers, shirika lililoanzishwa na Mfaransa. Mwitaliano hayumo.

Kuna sadfa moja hapa ambayo siwezi kuiacha. Septemba 1964 Papa Paulo VI aliamuru fuvu la Mtume Andrea, lililokuwa limehifadhiwa Roma kwa karne tano, lirudishwe Patras, Ugiriki, mji ambao mapokeo husema ndiko alikosulubiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Oktoba, Papa huyohuyo akawatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, Kaggwa akiwemo. Roma ilimtoa Andrea mmoja, na kabla majuma manne hayajatimia ikampokea mwingine.

"Maana yake ni mwanamume. Utampaje mtoto wa kike jina la mwanamume?"

Sasa wazee. Hoja hii ina uzito kuliko ya vijana, maana imesimama juu ya kitu cha kweli: neno lenyewe ni mwanamume. Mjumbe mmoja kijana alijaribu kuizima kwa kuandika kwamba maana yake ni "malaika mrembo." Huyo ametunga, tumwache.

Lakini Wagiriki wenyewe, wenye neno lao, hawakuona tabu kuwapa wanawake majina yenye mzizi huo. Mke wa Hektori katika masimulizi ya vita vya Troya anaitwa Andromakhe, na jina lake limebeba mwanamume na vita kwa pamoja, ilhali yeye ndiye mama anayelia na mtoto mikononi. Aleksandros, jina la kumkinga mwanamume au watu, lilipata dada yake Aleksandra, na Italia leo imejaa akina Alessandra ambao hakuna anayewauliza wanakinga nani. Mzizi wa mwanamume ulikuwa mwilini mwa majina ya kike kabla Roma haijawa mji wa kuogopwa.

Kisha jina likishakaa juu ya mtu, maana yake ya asili hulala. Claudio na Claudia wanatokana na neno la Kilatini la kilema anayechechemea, na wanacheza mpira. Barbara ni mgeni asiyejua kusema lugha ya watu. Sisi tuna akina Shida, Tabu, Sikujua na Chausiku. Nina shangazi yangu Tabu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Hakuna siku tumemwona akiishi jina lake.

"Italia kwenyewe ni marufuku."

Dai hili lilitoka upande wa wazee, aliyelileta ni binamu mmoja mwenye tabia ya kutuma viungo vya habari bila kuvisoma. Na hapa ndipo penye kisa chenyewe, kwa sababu alikuwa sahihi, ila kwa miaka iliyopita.

Sheria ya Italia kuhusu daftari la raia, amri ya Rais namba 396 ya mwaka 2000, inasema katika kifungu cha 35 kwamba jina la mtoto lazima lilingane na jinsi yake. Kifungu kinachotangulia kinakataza mengine: kumpa mtoto jina la baba yake aliye hai, jina la ndugu yake aliye hai, au jina la kuchekesha au la aibu. Kwa kifungu cha 35 maofisa waliwakatalia wazazi waliotaka binti aitwe Andrea, au wakawaandikia halafu serikali ikaomba jina lirekebishwe, kwa kuongezewa la pili ambalo halina utata. Kwa Waitaliano wa miaka hiyo Andrea lilikuwa jina la wavulana hasa, tena lililopendwa mno. Takwimu za Istat, ofisi ya takwimu ya Italia, za mwanzo wa karne hii zililiweka karibu na kilele cha orodha yao. Mwanamke alikuwa na lake, Andreina, la zamani, lenye harufu ya bibi na kabati la mbao.

Wazazi fulani hawakukubali. Mahakama za chini ziliwakatalia, wakapanda hadi Cassazione, mahakama ya mwisho nchini mle, na Novemba 2012 majaji wakawapa haki. Walichosema kwa ufupi ni kwamba Andrea likipewa msichana si jina la kuchekesha wala la aibu, na kwamba jamii imekwisha kulizoea kwa jinsi zote mbili, kwa kuwa nchi nyingine hulitumia kwa wanawake. Hapo lazima nikiri kwamba vijana wa kundi letu walikuwa na chembe ya haki bila kujua. Hispania Andrea ni msichana, mvulana ni Andrés. Ujerumani Andrea ni msichana, mvulana ni Andreas. Kule mwanamume alibaki na konsonanti yake ya mwisho, kwa hiyo umbo la a lilikuwa huru, wanawake wakalichukua. Italia, kama sisi, ilimnyang'anya mwanamume ile s, na umbo likawa moja tu. Siri yote ya ugomvi huu ni herufi moja iliyoanguka.

Majaji wa Italia hawakuwa wakarimu hivyo kila mara. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Genova iliwakatalia wazazi waliomwita mwanao Venerdì, yaani Ijumaa. Sababu ilikuwa kwamba jina linamkumbusha msikilizaji yule mtumishi wa Robinson Crusoe, kwa hiyo linamdhalilisha mtoto. Ikaamriwa aitwe Gregorio, jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa. Nilipoisoma hukumu ile nilimfikiria jirani yangu Juma, mwanawe Khamisi na mkwewe Mwanajuma, nyumba nzima ingepelekwa Genova ikabatizwe upya kwa amri ya jaji.

"Litavuruga vyeti na pasipoti."

Huko Italia haiwezekani, na utaratibu wao unafurahisha. Kila mtu ana namba ya kodi, codice fiscale, yenye alama 16 zinazotengenezwa kutokana na jina la ukoo, jina lake, tarehe na mahali alipozaliwa. Jina huchangia konsonanti tatu, na Andrea ana tatu kamili: NDR. Ya mwanamume ni NDR, ya mwanamke ni NDR. Tofauti inakuja kwenye siku ya kuzaliwa. Mvulana wa tarehe 12 anaandikwa 12. Msichana wa tarehe hiyo anaongezewa arobaini, anaandikwa 52. Kwa hiyo dola la Italia halina haja ya kulitegemea jina kumjua mwanamke. Linamjua kwa tarehe isiyopo kwenye kalenda yoyote. Huku kwetu fomu ina mahali pa kuandika ME au KE. Hapo pajazwe, ugomvi uishe.

Ingawa sitasema hakuna usumbufu. Mjomba Andrea aliwahi kualikwa semina nje ya nchi, barua ikaja imeanza na "Bi.," na alipofika hotelini akakuta amepangiwa chumba kimoja na mama wa Kihispania. Walicheka wote wawili, chumba cha pili kikapatikana saa sita usiku. Anaisimulia kila Krismasi.

"Ni fasheni ya hawa wanamuziki."

Waliosema hivi walimkusudia Andrea Bocelli, na mmoja akamtaja Pirlo wa mpira. Wote ni wanaume, nadhani mwenye hoja hakuliona hilo. Ama fasheni, jina hili Italia lina umri mkubwa kuliko Kiitaliano chenyewe kilivyoandikwa. Mwaka 1208 masalio ya Mtume yaliletwa Amalfi kutoka Konstantinopoli, mji ambao wapiganaji wa vita vya msalaba walikuwa wameuteka miaka minne kabla, na mpaka leo yako chini ya kanisa kuu la mji huo. Kila tarehe 27 Juni watu wa Amalfi wanaibeba sanamu yake mabegani na kupanda nayo ngazi za kanisa wakikimbia, mzigo mzito ukiyumba juu ya vichwa, kukumbuka dhoruba ya 1544 iliyozitawanya merikebu za Khairuddin Barbarossa, admirali wa Waosmani, alipoujia mji. Barbarossa ndiye yuleyule aliyemshinda Andrea Doria kwenye vita vya Preveza mwaka 1538. Alimpiga Andrea mwenye ndevu, akapigwa na Andrea wa kanisani. Angalau ndivyo wanavyohesabu Amalfi.

Katikati hapo kuna Andrea Palladio wa Padova, fundi mawe aliyekuja kuwafundisha Wazungu namna ya kujenga nguzo, na Andrea del Verrocchio aliyemfundisha Leonardo. Ninayempenda mimi ni mchoraji wa Firenze aitwaye Andrea del Sarto, jina ambalo kwa Kiswahili ni Andrea wa Fundi Cherehani tu, kwa kuwa ndiyo kazi ya baba yake. Ukimwita hivyo Kariakoo atageuka.

Nilituma haya yote kundini kwa vipande, usiku, huku watu wakilalamika kwamba namaliza bando lao. Mama mtoto hakusubiri nimalize. Cheti kilikuwa kimeshatoka: Andrea, KE.

Jumapili iliyofuata Mjomba alikuja na doti ya khanga na mfuko wa machungwa. Hakusema lolote kuhusu Wagiriki. Aliketi, akaomba aletewe somo yake. Akamweka mapajani, akamtazama kwa muda, kisha akamwita kwa sauti, "Andereina!" Mpwa wangu akamkumbusha kwa adabu, "Babu, ni Andrea tu, kama wewe." Mzee akajibu kwamba amesoma kundini, Waitaliano wanalo la wanawake, na yeye halitumii jina lake ovyo. Mpaka leo ndiye peke yake anayemwita hivyo, na mtoto humgeukia.